NAMBARI KWANZA, VAZI BAADAYE

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeirudia tangu tukiwa shule ya msingi, na katika insha zetu huwa tunaipachika popote panapotajwa fedha. Leo ningependa kuuliza swali ambalo wahenga hawakupata nafasi ya kuliuliza: je, mali yaweza kupotea ilhali daftari lipo? Tena daftari lenyewe ni safi, limepangwa vizuri, halina doa wala mkwaruzo wa kifutio? Jawabu langu ni naam, yaweza. Na katika vyama vyetu vya shuleni yaweza kupotea mchana kweupe, mbele ya macho ya wanachama wote, pasi na mtu yeyote kuiba hata senti moja.

Daftari ninalolisema si lile la kurasa mia mbili linalouzwa dukani. Ni lahajedwali. Kwa wale ambao hawajalizoea, lahajedwali ni jedwali kubwa linaloishi ndani ya tarakilishi (wengine huiita ngamizi, wengine kompyuta, mradi tumeelewana). Safu zake zinazosimama zimepewa herufi A, B, C na kuendelea. Mistari yake inayolala imepewa nambari 1, 2, 3 na kuendelea. Pale safu na mstari vinapokutana pana kijumba kiitwacho seli, na kila seli ina anwani yake: A1, B7, C12. Ukiandika nambari katika seli kumi kisha ukaiagiza seli ya kumi na moja ijumlishe, itajumlisha kabla hujapepesa jicho. Ukibadilisha nambari moja, jumla nayo hubadilika yenyewe.

Aliyeleta wazo hili katika tarakilishi ndogo alikuwa mwanafunzi kama sisi, ingawa yeye alikuwa wa chuo kikuu. Ni Dan Bricklin, aliyekuwa akisomea biashara Harvard, nchini Marekani. Alimwona mwalimu akichora jedwali ubaoni, na kila alipobadilisha nambari moja akalazimika kufuta na kuandika upya nyingine chungu nzima. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakaunda programu ya VisiCalc, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979. Excel, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoijua, ilitoka mwaka 1985.

Basi chombo tunacho, tena chombo kizuri. Lakini chombo hiki kina kanuni moja ambayo wengi wetu hatuifuati, na makala haya nimeyaandika kwa sababu ya kanuni hiyo. Ni hii: katika lahajedwali, nambari ni kitu kimoja na vazi la nambari ni kitu kingine. Nambari huandikwa na mtu. Vazi huvishwa na programu. Mtu akijitia kuivisha nambari kwa mkono wake mwenyewe, nambari hufa palepale, ikabaki sanamu ya nambari.

Mtaniuliza, vazi gani hilo? Hebu tufanye jaribio ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulifanya kwa dakika mbili. Fungua Excel, andika 500 katika seli moja. Halafu ibadilishe umbo pasipo kuigusa nambari yenyewe. Ukiivisha vazi la nambari yenye desimali mbili, utaona 500.00. Ukiivisha vazi la fedha za Kenya, utaona KSh 500.00. Ukiivisha vazi la asilimia, utaona 50000%. Na ukiivisha vazi la tarehe, shangaa na roho yako: utaona 14 Mei 1901! Kwa nini? Kwa sababu Excel huhesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1900, ambayo kwake ni siku ya 1. Siku ya 500 ndiyo hiyo. Shilingi 45,000 ukizivisha vazi hilohilo zinakuwa 15 Machi 2023. Lakini ndani ya seli hakuna kilichobadilika. Mia tano ni mia tano. Ukiirudishia vazi lake, inarudi kama ilivyokuwa, haina hata kovu.

Huo ndio upande mzuri. Sasa tuutazame upande wetu sisi.

Sisi Waafrika Mashariki tuna desturi ya kuandika fedha hivi: 500/=. Utaiona kwenye stakabadhi, kwenye mabango ya vibanda sokoni, kwenye kadi za harambee, kwenye barua za shule zinazotaja karo. Desturi hii ina asili yake. Katika fedha za Uingereza za zamani, kabla hazijabadilishwa mwaka 1971, shilingi moja ilikuwa na peni 12, na watu walitenga shilingi na peni kwa mkwaju. 5/6 ilikuwa shilingi tano na peni sita. 5/- ilikuwa shilingi tano kamili. Huku kwetu shilingi ya Afrika Mashariki iligawanywa kwa senti 100, na Kenya ilipoanza kutoa shilingi yake mwaka 1966 senti zilikuwa mia vilevile. Lakini mkwaju tukabaki nao. Tukaandika 5/50 kwa shilingi tano na senti hamsini, na 5/= kwa tano kamili. Mkwaju huo na ile mistari miwili vina kazi ya maana kwenye karatasi. Vinaifunga nambari, ili mkono wa pili usije ukaongeza sufuri nyuma yake, mia tano ikageuka elfu tano. Mimi siidharau desturi hii hata kidogo. Kwenye karatasi ni kufuli.

Lakini kwenye lahajedwali kufuli hilohilo linamfungia nje mwenye nyumba. Ukiandika 500/= ndani ya seli, programu haioni mia tano. Inaona maneno tu, sawasawa na vile ingeona “chai” au “Jumatatu”. Na maneno hayajumlishwi.

Tuchukue mfano. Tuseme chama chenye wanachama 40 kinapanga ziara ya Mombasa kwenda kuiona Fort Jesus, na kila mwanachama anachanga shilingi 500. Hesabu ni rahisi hata kwa mtoto wa chekechea: 20,000. Michango inaingizwa kwenye lahajedwali na watu wawili au watatu kwa zamu. Majina 31 yanaandikiwa 500. Majina 9 yanaandikiwa 500/=, kwa sababu aliyekuwa kwenye zamu amezoea stakabadhi. Mweka hazina anaagiza jumla kwa ile amri ya SUM. Inatoka 15,500. Hakuna kengele inayolia. Hakuna maandishi mekundu. SUM inapokuta maneno huyaruka kimyakimya, kama abiria anayepishana na mtu asiyemjua stejini.

Sasa tazameni balaa. Kwenye bahasha mna 20,000, kwenye karatasi mna 15,500. Mweka hazina akiwa mwaminifu lakini mwoga, atahangaika usiku kucha asijue 4,500 za ziada ametoa wapi. Akiwa na mkono mrefu, karatasi imekwisha kumfungulia mlango: azichukue 4,500, kisha aje mkutanoni, asome hesabu, ilingane kabisa, na apigiwe makofi! Geuza mfano upande wa matumizi. Kama ni gharama ndizo zilizoandikwa kwa mkwaju, jumla ya matumizi itapungua, na salio litaonekana kubwa kuliko fedha zilizomo mfukoni. Hapo mtu asiye na hatia ataulizwa, “Ebu sema, pesa zimeenda wapi?” Naye hana jibu. Jina la mtu likichafuka shuleni, jamani, halisafishwi kwa sabuni. Atamaliza masomo yake watu wangali wanamtazama kwa jicho la pembeni.

Ndiyo maana nasema kuwa jambo hili si la mapambo. Ni la haki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Seli iliyoandikwa 500/= ni nzuri machoni, inasomeka kama fedha, inanukia fedha, lakini ndani yake hamna fedha.

Wapo watakaoniambia, “Wewe nawe! Kwani mweka hazina hawezi kuona kuwa jumla haijalingana?” Kwa wanachama 40 wanaotoa kiasi kimoja, anaweza. Lakini je, wakitoa viasi tofauti, huyu 350, yule 1,200, yule mwingine 75? Je, orodha ikiwa ya shule nzima? Hapo macho hayafui dafu. Na kuna jambo jingine linalotuponza, nalo ni ule upendo wetu wa kupamba. Lahajedwali lina ishara yake ya siri: nambari halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maneno hukaa upande wa kushoto. Ukiona 500 imejibanza kushoto, jua hiyo ni mgonjwa. Lakini sisi, tukitaka kazi ipendeze, tunachagua safu nzima na kuiweka katikati. Basi mgonjwa na mzima wote wanasimama mstari mmoja, na daktari hawezi kuwatambua.

Nitoe dawa, maana kulaumu bila kuelekeza ni kazi ya chura aliye kisimani.

Kwanza, andika nambari uchi. Ndiyo, uchi! Elfu moja na mia tano ni 1500 tu. Usiandike KSh, usiandike mkwaju, usiandike “bob”. Halafu chagua safu yote, bonyeza Ctrl pamoja na 1, na kidirisha cha maumbo kitafunguka. Humo utapata vazi la fedha, au utajitungia lako mwenyewe kwa kuandika hivi: "KSh "#,##0.00. Usiogope alama hizo. Ile # ni nafasi ya tarakimu ikiwapo; 0 ni nafasi ya tarakimu ambayo lazima ionekane hata kama ni sufuri; mkato hutenga maelfu; nukta hutenga senti; na yaliyo ndani ya alama za kunukuu huchapishwa yalivyo. Ile 1500 yako itaonekana KSh 1,500.00, na ndani itabaki 1500, tayari kujumlishwa, kugawanywa na kuzidishwa.

Na kwa wale ambao roho zao haziwezi kuachana na mkwaju, nina habari njema. Jitungieni umbo hili: #,##0"/=". Andika 1500, na lahajedwali litakuonyesha 1,500/= bila kuiua nambari. Unaona basi? Siupigi vita mkwaju. Napinga kuuchapa kwa mkono ndani ya seli. Nambari kwanza, vazi baadaye.

Pili, hesabu wagonjwa kabla ya kusoma jumla. Zipo amri mbili zinazofanana majina kama pacha. COUNT huhesabu seli zenye nambari peke yake. COUNTA huhesabu seli zote zisizo tupu. Katika mfano wetu wa ziara, COUNTA ingetoa 40 na COUNT ingetoa 31. Papo hapo ungejua kuwa wachangaji tisa wamegeuka maneno. Kazi ya sekunde kumi inaliokoa jina la mtu.

Tatu, ukiona seli imejaa alama ##### usipige kelele kuwa tarakilishi ina virusi. Seli ni nyembamba tu, vazi halienei. Ipanue safu na nambari itatokea. Nimewasikia watu wakifuta kazi ya saa nzima kwa sababu ya alama hizo.

Kuna upande wa pili wa shilingi hii. Kama zipo nambari zinazogeuzwa maneno kwa makosa, yapo pia majina yanayogeuzwa nambari. Nambari ya simu ya Kenya huanza na sufuri, 07 au 01. Ukiichapa kwenye seli ya kawaida, sufuri ya mbele inatupwa, kwa kuwa katika hesabu sufuri iliyo mbele haina thamani. Mwanafunzi wa nambari ya usajili 0045 anakuwa 45. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2007, nambari ya simu imekuwa ndiyo mkoba wa mtu. Ukiiandika vibaya katika orodha ya wachangaji, hutajua ni nani aliyetuma nini. Nambari ndefu kupita tarakimu 15 nazo Excel huzikata mwisho na kuweka sufuri, kwa hiyo nambari ndefu ya kadi ya benki yaweza kuharibika bila mtu kujua. Kanuni yangu ni hii: kama haina maana kukijumlisha, si nambari bali ni jina, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu. Kivishe vazi la maandishi kabla hujakichapa. Nani amewahi kujumlisha nambari za simu za watu wawili?

Alama za mtihani nazo zina mtego. Mwalimu akisahihisha kazi na kuandika 7/10 kwenye seli, Excel huisoma kuwa tarehe. Tarakilishi iliyopangwa kwa utaratibu wa Uingereza, unaotanguliza siku, itasema 7 Oktoba. Ya utaratibu wa Marekani, unaotanguliza mwezi, itasema 10 Julai. Mwanafunzi aliyefanya vyema anageuzwa kuwa siku ya kalenda!

Najua wapo wanaocheka, wakidhani haya ni ya vijana wa shule tu. Basi wasikie ya wakubwa. Wanasayansi wa chembe za urithi wana majina mafupi wanayozipa jeni za binadamu. Baadhi yake yalikuwa MARCH1 na SEPT2. Walipoyaingiza katika Excel, programu iliyaona kuwa ni miezi ya Kiingereza, ikayageuza tarehe 1 Machi na tarehe 2 Septemba. Mwaka 2016 watafiti waliokagua makala za kisayansi zilizoambatanishwa na majedwali ya Excel yenye orodha za jeni walikuta kuwa takribani moja kati ya kila tano ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwishowe, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni ilitangaza kuwa imebadilisha majina yenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT2 ikawa SEPTIN2. Fikirini! Mabingwa wa sayansi walibadilisha majina ya vitu vilivyomo mwilini mwa binadamu kwa sababu ya vazi la seli. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa nije kwenye jambo linalowasumbua hata walio hodari, yaani kukadiria. Tuseme vyama vitatu vimekodi basi moja kwa shilingi 10,000 na vinagawana sawa. Andika =10000/3 katika seli tatu, kisha zivishe vazi lisilo na desimali. Utaona 3,333 mara tatu, na chini yake jumla ya 10,000. Mzazi mmoja mwenye kikotoo akijumlisha kwa mkono atapata 9,999. “Shilingi moja imekwenda wapi?” Haijaenda popote. Ndani ya kila seli mna 3,333.3333 na kuendelea. Vazi limeficha mkia, halikuukata. Ukitaka kuukata kweli, tumia amri ya ROUND, kisha mkubaliane ni chama gani kitakachobeba shilingi iliyobaki: 3,333, na 3,333, na 3,334. Hapo karatasi na kikotoo vitasema kauli moja.

Kwa maoni yangu hesabu za vyama zitosheke na shilingi kamili. Sarafu mpya zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2018 ni za shilingi 1, 5, 10 na 20. Senti hamsini haimo. Kwa nini basi tujaze safu zetu .00, .00, .00 hadi macho yaume? Senti tuziache kwa taarifa za benki na za simu, ambako zinaandikwa kweli.

Na fedha si za Kenya peke yake. Chama cha Kiswahili kina marafiki wengi nje ya mipaka, maana lugha yetu haina kituo cha forodha. Tukipanga ziara ya Zanzibar tutaandika shilingi za Tanzania, na tukivuka kwenda Kampala tutaandika shilingi za Uganda. Zote tatu ni “shilingi”, zote zaweza kuandikwa “Sh”, na thamani zake hazilingani. Kwa hiyo “Sh” pekee haitoshi. Zipo alama za kimataifa zilizokubaliwa: KES kwa Kenya, TZS kwa Tanzania, UGX kwa Uganda. Katika utaratibu huo shilingi ya Uganda haina senti kabisa. Ukifika Oman, ambako wapo ndugu wasemao Kiswahili, riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa kwa desimali tatu. 1.500 ya Muscat ni riali moja na nusu. Nako Kongo, iliyorithi utaratibu wa Kifaransa, mkato ndio unaotenga desimali: moja na nusu huandikwa 1,5. Mjerumani naye hutenga maelfu kwa nukta, hivyo 1.500 kwake ni elfu moja na mia tano! Tarakilishi nazo hupangwa kwa desturi za nchi. Chapa 1.500 kwenye tarakilishi iliyopangwa kwa utaratibu wa Kenya, itasoma moja na nusu. Chapa vilevile kwenye iliyopangwa kwa utaratibu wa Ujerumani, itasoma elfu moja na mia tano.

Hata katika Kiswahili chenyewe tuna ushahidi kuwa kila jamii hukata nambari kwa kisu chake. Neno letu “laki” lina asili ya Kihindi, nako India laki moja huandikwa 1,00,000, mkato ukikaa palepale laki inapoanzia. Sisi tulichukua neno, tukaacha mkato. Hakuna aliyekosea. Lakini anayeandika lazima ajue anamwandikia nani.

Basi nifikie ombi langu, kwa heshima na taadhima.

Kwa walimu wetu wapendwa wa somo la tarakilishi: tunaomba mtufundishe vazi la nambari kabla ya fomula ndefu. Mwanafunzi anayejua SUM bila kujua kilichomo ndani ya seli ni kama dereva anayejua kukanyaga mafuta tu. Kwa walimu walezi wa vyama: msipokee hesabu yoyote iliyochapishwa isiyotaja aina ya fedha juu ya safu, kwa mfano “Kiasi (KES)”, na isiyo na hesabu ya COUNT chini yake. Na tafadhali ombeni kuiona lahajedwali yenyewe, si karatasi tu. Karatasi huonyesha vazi. Seli ndiyo huonyesha mwili.

Kwa waweka hazina wenzetu: stakabadhi mziandike kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na mkwaju wake, kama baba na mama zetu walivyofanya. Hapo 500/= ina heshima yake. Lakini mkikaa mbele ya tarakilishi, mkwaju uacheni mlangoni pamoja na viatu.

Na kwa sisi Waswahili wa chama hiki: tuache kisingizio kuwa mambo haya ni ya Kiingereza. Maneno tunayo. Lahajedwali, seli, safu, fomula, desimali, mkwaju, yote yako mikononi mwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu za OpenOffice, wakaipa jina Jambo OpenOffice, na lahajedwali ilikuwamo. Kama wao waliweza kuitafsiri programu nzima, sisi tunashindwaje kueleza umbo la nambari katika mkutano wa Ijumaa?

Wapo watakaosema turudi kwenye daftari la karatasi, tuachane na makuu haya. Siwaungi mkono. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Daftari la karatasi nalo lina wizi wake, na ndio tunaouzuia kwa mkwaju. Chombo kipya kinataka adabu mpya, na adabu ya chombo hiki ni fupi kuliko sheria za bwenini: andika nambari tupu, taja fedha yake, iache programu iivishe, kisha uhesabu seli kabla ya kusoma jumla. Mwanachama aliyejinyima chapati za jioni ili achange mia tano anastahili mia tano hiyo ionekane katika jumla.